Ramani ya Nusu Mkate

Ilitangazwa, na tangazo likapigwa mhuri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino ulikuwa umekauka, kwamba kuanzia tarehe mosi Machi mwaka 2009 misaada yote ya kilimo katika Eldoret na viunga vyake itagawanywa kwa kufuata sayansi. Haitaangalia jina la mtu, wala lugha ya mama yake, wala alikotoka babu yake. Itaangalia mvua. Palipopata mvua patahesabiwa pamepata, na palipokosa patapewa mbegu. Na ili sayansi yenyewe isije ikawachochea wananchi, ramani zote zitakazotumika hazitaandikwa jina la mahali popote.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa Mradi wa Ramani ya Mvua, orofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Waliopanda ngazi kulisoma walikubaliana kuwa ni tangazo zuri. Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya hapo, matokeo ya uchaguzi yalipobishaniwa, watu katika barabara za mji huo walikuwa wakisimamishwa kwenye vizuizi vya mawe na kuulizwa majina, na aliyejibu vibaya hakupewa nafasi ya kurudia mtihani. Ramani isiyo na majina ilionekana ni maendeleo.

Aliyeichora ramani hiyo ni karani mmoja aitwaye Nakhumicha, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa upande wa Bungoma, aliyeletwa Eldoret akiwa mgongoni mwa mama yake baba yake alipopata kazi katika kiwanda cha nguo. Hakuwa amesomea ramani. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja karibu na Plateau, na somo lake lilikuwa jiografia, ambalo alilifundisha kwa ramani ya dunia yenye nchi mbili tatu ambazo zilikuwa zimeshakufa. Januari ya mwaka 2008 darasa la sita liliungua, na ramani ya dunia nayo. Jiko la shule halikuguswa. Hakuna mtu anayechoma mahali anapokula.

Nakhumicha alilijua hilo vizuri kwa sababu siku nne za wiki hiyo alizimaliza ndani ya stoo ya jiko hilo, nyuma ya kuni, akiwa amekunja magoti, kwa sababu jina lake halikuwa la hapo. Mpishi wa shule, mjane wa hapo hapo aitwaye Jelagat, aliendelea kupika githeri, yaani mahindi na maharagwe, ya wanafunzi mia tatu ambao hawakuwapo. Vijana walikuja na mishale yao, wakasikia harufu, wakakaa, wakala. Wakishiba walimshukuru Mama na kuondoka bila kutafuta kitu. Siku ya tano alipita lori la polisi, na Jelagat akamtoa Nakhumicha nje kama mtu anayetoa gunia, akamwambia, "Mwalimu, nenda. Maharagwe imeisha, na hawa watoto wakikosa chakula wataanza kufikiria."

Kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, uwanja wa maonyesho, ndiko Nakhumicha alikopata taaluma yake mpya. Wafadhili walitaka mtu wa kuandika mahema kwenye kompyuta, na katika watu elfu kadhaa alionekana yeye akiandika kwa vidole zaidi ya viwili. Aliandika mahema kwa miezi saba. Mwishowe alipewa cheti kilichosema ana ujuzi wa takwimu za mahali, na kwa cheti hicho akaajiriwa na Mradi, kwa mkataba unaofanywa upya kila miezi mitatu kama dua.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila baada ya siku kumi lilikuja faili kutoka kwa watu wa setilaiti. Ndani ya faili, ardhi ya eneo lao ilikuwa imegawanywa miraba miraba kama daftari la hesabu, na kila mraba umepewa namba ya mvua yake. Nakhumicha alilifungua katika programu ya ramani, akakata kingo kwa kufuata mpaka, akapaka rangi: buluu kwa palipolowa, kijani kwa pa kawaida, nyekundu kwa palipokauka. Eneo lao lilikuwa na mistari kumi na saba ya miraba kutoka juu hadi chini. Mstari wa tisa, ule wa katikati kabisa, ndimo ulimokuwa mji wa Eldoret, na ndani ya mji duka la magodoro, na juu ya magodoro Bwana Gideon.

Bwana Gideon alikuwa mratibu. Alikuwa amehudhuria semina ya wiki moja huko Naivasha na alirudi na mkoba wa turubai ambao hakuuacha nyumbani hata Jumapili. Uhakiki wa ramani ulikuwa jukumu lake, na aliutekeleza kwa bidii: kila toleo lilipochapishwa alilipeleka dirishani, akatazama nje, akatazama karatasi. Nje kukiwa na vumbi na mraba wa katikati ukiwa mwekundu, aliandika "Imethibitishwa" na kuweka sahihi. Katika matoleo matano hakuwahi kukuta kosa hata moja.

Mwishoni mwa Aprili Jelagat alipiga simu.

"Mwalimu, hiyo kompyuta yako inasema nini juu ya huku?"

Nakhumicha alitazama kioo. Plateau, ambayo haikuandikwa jina lakini yeye aliijua ilipo, ilikuwa buluu ya kuiva. "Inasema mmelowa, Mama. Milimita sabini na sita kwa siku kumi."

"Sabini na sita ya nini?"

"Ya mvua."

"Mwalimu, mimi nilipanda tarehe ishirini mwezi wa tatu. Ikaota hivi, kidole moja. Ikachomeka yote. Nasimama shamba saa hii, viatu yangu imekuwa nyeupe kama ya mtu ametoka kusaga unga posho mill. Sina mbegu ingine. Nikikosa kupanda tena kabla katikati ya mwezi wa tano, mwaka huu wangu umeisha, nitakula mlango."

"Mbegu za msaada zinakuja, Mama."

"Zinakuja wapi? Chifu ametuambia huku hazikuji. Ati kompyuta imekataa."

Nakhumicha alikata simu akapiga nyingine, kwa kaka yake Kituyi, kibarua katika shamba kubwa upande wa Chepkoilel. Huko kwenye ramani palikuwa pekundu kama pilipili.

"Kumekauka?" aliuliza.

"Wapi?" Kituyi alisema. "Dada, leo trekta ya bosi imezama mpaka usukani. Tumetolewa watu kumi na mmoja kuivuta, sasa sisi pia tunangoja kuvutwa. Ukikuja, kuja na gumboti."

Mwalimu wa jiografia hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Alifungua faili lenyewe, si picha yake, akasoma mistari yake mmoja mmoja, na jambo likawa wazi katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Watu wa setilaiti walikuwa wamehesabu mistari yao kutoka kusini kwenda kaskazini. Programu iliamini kila mtu mwenye akili huhesabu kutoka kaskazini kwenda kusini. Hakuna aliyekuwa amekosea. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa upande wake, na matokeo yake ni kwamba eneo zima lilikuwa limelazwa kichwa chini. Kwa kuwa mpaka ulikatwa baadaye, umbo lake kwenye karatasi lilionekana sawa. Kwa kuwa hakukuwa na majina, hakuna mkulima aliyeweza kuona shamba lake liko pahali pa shamba la mwingine. Na kwa kuwa mstari wa tisa kati ya kumi na saba ukigeuzwa unabaki kuwa wa tisa, mahali pekee ambapo ramani ilikuwa sahihi siku zote ni chini ya dirisha la Bwana Gideon.

Mara ya kwanza alipojaribu kurekebisha alikosea. Aliizungusha nusu mzunguko, kama mtu anayegeuza sahani mezani, na kusini ikarudi kusini lakini mashariki ikaenda magharibi, hata watu wa Turbo wakajikuta na mvua ya Kaptagat. Alifuta. Mara ya pili hakuizungusha. Aliipindua mistari tu, wa kumi na saba ukawa wa kwanza, wa kwanza ukawa wa kumi na saba, kila mraba ukabaki katika safu yake. Ilimchukua dakika nne. Alimpigia tena Jelagat, kisha Kituyi, kisha mwalimu mwenzake wa zamani aliyehamia Moiben, na wote watatu walisema kuhusu mbingu zao kile kile ambacho ramani ilikuwa inasema.

Akaichapisha na kuipeleka kwa Bwana Gideon, ambaye aliipeleka dirishani.

"Iko sawa," alisema Bwana Gideon.

"Ndiyo, bosi. Lakini zile tano za kwanza hazikuwa sawa. Zilikuwa kichwa chini. Hii nimeigeuza."

Bwana Gideon alirudi kutoka dirishani kama mtu aliyesikia chuma kikidondoka. "Umefanya nini?"

"Nimeigeuza."

"Wewe umegeuza matokeo?" Alishusha sauti. "Katika mji huu? Nakhumicha, unajua neno hilo lilichoma nyumba ngapi?"

"Sijageuza matokeo. Nimegeuza mistari."

"Mwisho wa mwezi ramani inaenda Nairobi. Zile tano nimezithibitisha kwa sahihi yangu. Sasa unataka niandike kwamba nilikuwa nathibitisha nini?"

"Dirisha," alisema Nakhumicha, kisha akatamani angenyamaza.

Kulikuwa na utaratibu. Tangu vita viishe, hakuna kitu cha umma kilichoweza kubadilishwa, hata siku ya kuosha mifugo, bila Kamati ya Amani kutia sahihi zote saba. Kamati iliitwa kwa haraka isiyo ya kawaida, yaani baada ya siku sita, ikakutana katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kipyego, mkulima aliyestaafu ualimu, mwenye kofia ya manyoya na subira ya daktari wa meno. Makamu wake alikuwa Bwana Wakoli, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyewakilisha jamii zilizohamia, ambazo kumbukumbu za kamati ziliziita "wenzetu". Wengine watano waliwakilisha chai.

"Hebu tuambie polepole, mama," alianza Mzee Kipyego. "Ramani ilikuwa imelala vibaya."

"Ndiyo, Mzee. Ya juu ilikuwa chini."

"Na nani aliilaza?"

"Hakuna mtu, Mzee. Faili inahesabu kutoka chini, programu inahesabu kutoka juu."

"Hakuna mtu." Mzee aliwatazama wenzake mmoja mmoja. "Mwaka jana pia tuliambiwa hakuna mtu aliyewasha moto."

Bwana Wakoli aliinua kalamu. "Mimi nataka kujua tu. Huko chini ni wapi?"

Bwana Gideon alikohoa. "Majina ya mahali hayatajwi, kwa mujibu wa tangazo."

"Sijataja jina. Nimeuliza chini ni wapi."

"Chini ni chini."

"Kwa nani?" aliuliza Mzee Kipyego. "Nani amesema watu wetu wako chini?"

Ilikubaliwa, baada ya nusu saa, kwamba maneno juu na chini ni ya uchochezi. Ikapendekezwa Upande wa Kwanza na Upande wa Pili, lakini hakuna aliyekubali kuwa wa pili. Mwishowe katibu alitazama ukumbi na kuandika Upande wa Mlango na Upande wa Dirisha. Kumbukumbu za siku hiyo bado zipo, na mtu akizisoma leo atajifunza kwamba mwezi wa Aprili mlangoni kulinyesha sana, dirishani wananchi walipoteza mahindi yote, na kwamba karani ameshauri dirisha liwekwe mahali pa mlango.

Wakati wa chai Bwana Wakoli alimfuata Nakhumicha kwenye ngazi.

"Dada, wewe ni msichana wa nyumbani. Baba yako nilimjua. Watu wetu kule kwa mlango wameshaambiwa mbegu ni yao. Wameshafurahi. Halafu wewe, mtoto wetu, unakuja unageuza ipate wale?"

"Lakini kule kunanyesha, mzee wangu. Kaka yangu yuko huko, hata trekta haiingii shambani."

"Mbegu haina shida na mvua."

"Wale wengine hawana kitu kabisa."

"Na sisi mwaka jana tulikuwa na kitu?" Aliweka kikombe chini. "Walikulipa nini?"

Githeri ya siku nne si kitu ambacho mtu anaweza kukieleza kwenye ngazi. Nakhumicha alipogeuka kurudi ndani alimkuta Mzee Kipyego amesimama karibu na bomba, akiosha mikono iliyokuwa safi.

"Binti," alisema Mzee, kwa upole kabisa. "Mimi nimefundisha miaka thelathini. Mtu wa upande ule ameamka asubuhi, bila kuombwa, anataka kutupatia sisi mbegu. Hiyo mbegu iko na nini ndani?"

"Mahindi, Mzee."

"Mhm," alisema Mzee Kipyego. Ni mlio ambao katika kamati unaandikwa kama pingamizi.

Hivyo pande mbili ambazo kwa mwaka mzima hazikuwa zimekubaliana hata juu ya wimbo wa kufungulia kikao zikakubaliana kwamba ramani isigeuzwe. Nakhumicha alisimama akaomba dakika mbili. Alisema kwamba kuna mjane mmoja upande wa dirisha aliyebaki na wiki mbili za kupanda, na baada ya hapo hata mbegu ya dhahabu haitamsaidia. Alisema wako wengi kama yeye. Hakusema mjane huyo ni nani kwake. Mmoja wa wajumbe wa chai, ambaye hakuwa amesema kitu tangu kamati iundwe, alifuta jicho, na kwa kuwa alikuwa ameonekana akifuta, ikabidi jambo lifikiriwe upya.

Hapo ndipo Bwana Gideon alipotoa wazo. Sayansi ina ramani mbili, alisema. Upande mmoja unaitaka hii, upande mwingine una wasiwasi nayo. Nchi nzima ilipofika mahali kama hapo ilifanyaje? Haikumnyima mtu. Waliogombania kiti waliongezewa kiti. Kwa nini kamati isichukue ramani zote mbili, ikajumlisha mraba kwa mraba, ikagawanya kwa mbili?

Wajumbe waliitikia kwa vichwa.

"Nusu mkate," alisema Bwana Wakoli, akiitaja serikali hiyo ya viti viwili kwa jina lake la mtaani.

"Nusu mkate," alisema Mzee Kipyego, kwa mara ya kwanza akitabasamu upande wa Bwana Wakoli.

"Samahani," alisema Nakhumicha. "Ukichanganya ramani iliyo wima na ile iliyo kichwa chini, hupati iliyo wima kidogo. Unapata ya nchi ambayo haiko."

"Tunapata amani, mama," alisema mwenyekiti. Sahihi saba zilitiwa kabla sambusa hazijapoa.

Aliitengeneza kesho yake asubuhi, kwa amri ya maandishi. Mraba wenye milimita sabini na sita ulijumlishwa na mwenzake wenye nne, ukagawanywa, ukapata arubaini. Na arubaini, kwa mujibu wa mwongozo, ni kawaida. Kijani. Mstari wa pili na wa kumi na sita, kijani. Wa tatu na wa kumi na tano, kijani. Eneo lote, lililokuwa na watu wanaozama na watu wanaoungua, lilipona mbele ya macho yake kwa muda wa dakika tatu. Ukame ulikwisha. Mafuriko yalikwisha. Ramani hiyo ilikuwa na sifa nyingine ambayo Bwana Gideon aliipenda zaidi alipoelezwa: haikuweza tena kuwa kichwa chini, kwa sababu ukiigeuza inabaki vile vile. Mfagiaji aliitundika ukutani juu chini, na ilikaa hivyo hadi Krismasi.

Kulikuwa na mraba mmoja tu ulioharibu mandhari. Katika mstari wa tisa, katikati kabisa, mji wa Eldoret ulijumlishwa na wenyewe, ukagawanywa kwa mbili, ukabaki ulivyokuwa. Siku hizo kumi mawingu yalikuwa yamepita pembeni mwa mji. Milimita tisa. Nyekundu.

Nakhumicha alituma Nairobi ramani ya kamati kama alivyoagizwa. Pamoja nayo alituma ile iliyo wima, na barua ya kurasa mbili yenye namba za simu za watu watatu ambao wangeweza kutoka nje na kutazama juu. Jibu lilikuja kwa faksi. Lilisema ramani isiyo na sahihi saba si ramani, na lilimkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa sita.

Siku iliyofuata Jelagat alipiga.

"Mwalimu, umefika wapi na ile maneno?"

"Mama, sasa wameandika huko ni kawaida."

"Kawaida ni nini?"

"Ni kijani."

"Hapa kwangu kitu kijani ni mlango," alisema Jelagat, "na huo rangi nilinunua." Kisha akacheka, kicheko kifupi, na baada ya kucheka akasema kwa sauti nyingine kwamba amebakisha siku tisa.

Mbegu zilikuja siku ya sita kati ya hizo tisa. Sayansi ilikuwa imesema penye wekundu papewe, na wekundu ulikuwa mmoja, kwa hiyo mifuko mia nne ya mbegu za mahindi ya muda mfupi ilishushwa katikati ya mji wa Eldoret ili wakaaji wake wasife njaa. Katika mraba huo kulikuwa na steji ya matatu, soko, mabenki manne, makanisa yasiyohesabika, na kiplefti kimoja chenye nyasi. Kilimo pekee kilichojulikana humo ni sukuma wiki ya askari nyuma ya seli. Masharti yalikuwa wazi: mpokeaji awe anaishi ndani ya mraba, na aje na stakabadhi ya kodi ya nyumba kuthibitisha.

Nakhumicha alikuwa akiishi ndani ya mraba. Chumba chake kilikuwa nyuma ya steji, na stakabadhi alizitunza zote, kwa tabia ya mtu aliyewahi kukosa karatasi alipozihitaji. Alimpigia Jelagat akamwambia aje Jumanne asubuhi: yeye Nakhumicha atapanga foleni, atapokea mbegu kwa haki yake kama mkaaji, na Jelagat atasaidia kubeba hadi kwenye gari. Nyumbani atapanda siku hiyo hiyo. Alilipanga jambo hilo kama alivyopanga vipindi vya darasa la sita, hakuacha pengo.

Walifika saa moja. Foleni ilikuwa imezunguka ghala na kurudi. Ilionekana kwamba mji ulikuwa na wakulima wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wengine walikuwa wamekuja na gumboti zenye matope mabichi, ambayo ndani ya mraba huo, kwa milimita tisa, si rahisi kuyapata. Shemeji yake Bwana Gideon, ambaye kila mtu alijua anajenga na kuishi Yamumbi, alikuwa na mkokoteni wake mwenyewe. Alimpungia mkono Nakhumicha kwa adabu.

"Huyu pia anaishi ndani ya mji?" Jelagat alinong'ona.

"Leo tu, Mama."

"Aii. Na wewe kweli unaishi?"

"Mimi kweli naishi."

"Basi tuko sawa," alisema Jelagat, akakunja kitambaa chake cha kubebea na kukiweka chini ya kwapa.

Foleni ilienda haraka kuliko walivyotegemea, kwa sababu stakabadhi hazikuwa zikiombwa. Saa nne kasorobo walifika mezani. Nyuma ya meza aliketi karani kijana mwenye koti jipya, na nyuma ya karani mifuko ilikuwa bado imepangwa hadi kwenye dirisha la ghala. Nakhumicha aliweka mezani stakabadhi zake nane, zimebanwa kwa pini.

"Jina?" aliuliza karani.

"Nakhumicha."

Karani aliinua macho. Alitazama stakabadhi bila kuzigusa, kisha akatazama daftari, ambalo lilikuwa na majina machache na nafasi nyingi.

"Imeisha, mama," alisema.

"Na hizo?"

"Hizo ziko na wenyewe. Sogea kidogo, wengine wapite."

Nakhumicha hakusogea mara moja. Jelagat, aliyekuwa nyuma yake na kitambaa chini ya kwapa, alimtazama yeye, akamtazama kijana, akapiga hatua moja mbele.

"Jina?"

"Jelagat."

Alipewa mifuko miwili. Anaishi wapi, hakuulizwa.